Kuandaa VS Code na Python kwa anayeanza: mwongozo kwa mwenye laptopu ya mtumba na bando la kuhesabu

Wanaoanza kujifunza programu Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu wengi wana laptopu iliyokwishatumika na mtu mwingine, intaneti ya simu inayolipiwa kwa bando, na umeme ambao msimu wa mvua haukawii kukatika. Maelekezo mengi ya kuandaa kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo (code), yameandikwa kwa mtu asiye na hata kikwazo kimoja kati ya hivyo. Ukiyafuata yalivyo, kihariri kitamaliza bando kwa masasisho usiyoyaomba, na siku mtandao ukigoma hutajua kilichopungua.

Mwongozo huu unalenga kitu kimoja: kila unachohitaji kiwe ndani ya mashine yako, ili ukishamaliza kuandaa uweze kujifunza wiki nzima data ikiwa imezimwa. Tunatumia Visual Studio Code, kihariri cha bure cha Microsoft, pamoja na lugha ya Python. Majina ya vitufe na menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Kagua mashine kabla ya kupakua chochote

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo la Windows. Halafu ingia Settings, System, About, usome mistari miwili: Installed RAM na System type.

Kama ni Windows 10 au 11 ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi, endelea bila wasiwasi. VS Code yenyewe inatajwa kuhitaji RAM ya GB 1 tu, lakini Windows nayo inakula, kivinjari kinakula, na chini ya GB 4 utaona kishale kinasitasita.

Kama ni Windows 7 au 8, VS Code mpya haitakubali kuingia. Toleo la mwisho lililokubali Windows 7 ni 1.70, na la Windows 8 ni 1.79. Python nayo ina mipaka yake: 3.8 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, na 3.12 ndiyo ya mwisho kwa Windows 8.1. Kwa mashine za namna hii, au zenye RAM ya GB 2, ushauri wetu ni kuachana na VS Code kwa sasa na kuweka Thonny. Ni kihariri chepesi kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mahususi kwa wanaoanza. Kinakuja na Python yake ndani, na kina faili la pekee lenye Python 3.8 kwa ajili ya Windows 7. Ukisakinisha hilo moja umemaliza. Usijione umepewa cha kitoto, kwani Python utakayoandika humo ni ileile.

Jambo jingine la kukagua, na wengi hulipita, ni saa. Laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake ndogo ya saa, ile iliyo kwenye ubao mama, imekwisha. Kila ukizima na kuchomoa chaja, tarehe inarudi miaka nyuma. Tovuti salama zinakaguliwa kwa tarehe, kwa hiyo mashine inayodhani bado ni 2015 itakataa kupakua viendelezi na vifurushi (nyongeza za kihariri na za Python utakazozikuta mbele), ikitoa ujumbe wenye neno certificate. Watu huhangaika na kirusi au mtandao kumbe ni saa. Rekebisha tarehe kwanza. Tatizo likijirudia, mpe fundi abadilishe betri hiyo. Mara nyingi ni kidude cha duara kama sarafu.

Na kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu, toa diski ya zamani inayozunguka uweke SSD, diski isiyozunguka. Kwa laptopu ya miaka kumi, hakuna badiliko lingine litakaloifanya VS Code ifunguke haraka kiasi hicho.

Kupakua: mara moja, mahali pazuri

Andaa nafasi ya MB 300 hivi kwenye bando, au nenda penye Wi-Fi: maktaba ya chuo, kwa rafiki, au kwenye kafe ya intaneti. Unahitaji mafaili mawili makubwa.

La kwanza ni VS Code, kutoka code.visualstudio.com. Kitufe kikubwa cha Windows kinakupa faili ambalo jina lake linaanza na VSCodeUserSetup-x64. Neno User hapo lina maana: linaingia kwenye akaunti yako tu na halidai nenosiri la msimamizi wa mashine, jambo zuri ukitumia kompyuta ya nyumbani ya pamoja.

La pili ni Python, kutoka python.org, sehemu ya Downloads, Windows. Tafuta palipoandikwa Windows installer (64-bit). Chukua hilo hasa, kwa kuwa limebeba kila kitu ndani yake. Tovuti hiyo inatoa pia kisakinishi kingine kinachokwenda kuichota Python mtandaoni kikishafunguliwa, na hicho hakimfai mtu aliyekuja na fleshi. Jina la faili lina neno amd64. Usishtuke kama laptopu yako ina prosesa ya Intel. Neno hilo ni jina la muundo wa biti 64, na faili linafanya kazi kwenye Intel na AMD sawasawa.

Ukibeba mafaili haya kwa fleshi kutoka kwenye kompyuta ya umma, kagua fleshi kwa Windows Security kabla ya kufungua lolote. Folda zako zikigeuka ghafla kuwa alama zenye mshale mdogo kwenye kona, hicho ni kirusi, usizibofye.

Ukitumia simu kugawa intaneti, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, chagua mtandao wako, kisha washa Metered connection. Windows itaelewa kuwa data inalipiwa na itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho yake kimyakimya. Hatua hii moja huokoa bando kuliko nyingine zote zilizomo humu.

Python iingie kwanza

Funga programu zote, bofya mara mbili faili la Python. Kabla hujagusa Install Now, angalia chini kabisa ya dirisha: kuna kisanduku kilichoandikwa Add python.exe to PATH. Kiwekee tiki.

PATH ni orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu ukiitaja kwa jina. Bila tiki hiyo, Python itakuwemo kwenye diski lakini ukiandika python utaambiwa haitambuliki. Hili ndilo kosa linaloongoza kwa wanaoanza. Kama umeshalifanya, usifute chochote: fungua faili lilelile la kusakinisha, chagua Modify, kisha Next, tia tiki Add Python to environment variables, kisha Install.

Ikimaliza, fungua menyu ya Start, andika cmd, Enter, halafu:

py --version

Ukiona neno Python likifuatiwa na namba, mambo yako sawa. Jaribu pia python --version. Kama badala ya namba linafunguka duka la Microsoft, hiyo ni njia ya mkato iliyowekwa na Windows yenyewe. Ingia Settings, Apps, tafuta App execution aliases, uzime mistari ya python.exe na python3.exe.

VS Code yenyewe

Hapa hakuna mengi. Fungua faili, kubali masharti, Next. Kwenye ukurasa wa Select Additional Tasks, tia tiki visanduku viwili vinavyoanza na Add "Open with Code". Vitakuwezesha kubofya folda kwa kitufe cha kulia na kuifungua moja kwa moja. Add to PATH iache na tiki yake. Install, Finish.

Itakapofunguka itakuomba uingie kwa akaunti, uchague rangi, utazame mafunzo. Unaweza kuruka yote. VS Code haihitaji akaunti yoyote ili ufanye kazi.

Mwenye Ubuntu au Linux Mint apakue faili la .deb, afungue terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda lilipo, aandike sudo apt install ./ na jina la faili. Python tayari imo, ila huitwa kwa jina python3. Aongeze sudo apt install python3-venv kwa ajili ya hatua ya mwisho.

Viendelezi: vichache tu

Kiendelezi ni programu ndogo inayokipa kihariri uwezo wa lugha fulani. Upande wa kushoto kuna alama ya vijisanduku vinne; bofya, au bonyeza Ctrl+Shift+X. Tafuta Python, uchague ile ambayo chini ya jina pameandikwa Microsoft na alama ya uthibitisho. Kuna zenye majina yanayofanana, kwa hiyo soma jina la mtoaji. Bofya Install. Itajiletea wenzake, wakiwemo Pylance, inayokisia unachotaka kuandika na kuonyesha makosa, na Python Debugger, inayokuwezesha kusimamisha programu katikati.

Anza na hivyo tu. Utakuta orodha mitandaoni za viendelezi ishirini ambavyo lazima uwe navyo. Kila kimoja kinachukua RAM na kuongeza vitufe vinavyomchanganya mtu ambaye bado hajui kipi kinafanya nini.

Kama mashine yako haina intaneti kabisa, mwenye VS Code iliyounganishwa mtandaoni anaweza kukusaidia. Kwenye orodha ya viendelezi abofye kiendelezi kwa kitufe cha kulia na kuchagua Download VSIX. Mnakili mafaili kwa fleshi, na kwako ubofye nukta tatu zilizo juu ya orodha ya viendelezi, uchague Install from VSIX. Mkumbuke kuchukua Python, Pylance na Python Debugger, faili moja moja, kwa sababu bila mtandao kimoja hakiwezi kuwavuta wenzake.

Tahadhari kuhusu kiendelezi kinachoitwa Code Runner, ambacho video nyingi hukipendekeza. Kwa kawaida yake kinaonyesha matokeo kwenye paneli ya Output, na paneli hiyo haipokei maandishi. Programu yako ikiuliza swali, utaandika jibu na hakuna kitakachotokea. Anayeanza hudhani msimbo wake ndio mbovu. Tumia kitufe cha kuendesha kinachokuja na kiendelezi cha Python, hutapata shida hiyo.

Mipangilio inayookoa kazi na bando

Bonyeza Ctrl+Shift+P. Juu patafunguka kisanduku cha amri, na hicho ndicho mlango wa kila kitu ndani ya VS Code. Andika Open User Settings, chagua ile yenye neno JSON mwishoni. Faili litakalofunguka pengine lina mabano mawili tu. Yafute hayo mabano, uweke hivi:

{
  "files.autoSave": "afterDelay",
  "files.autoSaveDelay": 1000,
  "editor.fontSize": 16,
  "editor.wordWrap": "on",
  "editor.minimap.enabled": false,
  "editor.renderWhitespace": "all",
  "editor.tabSize": 4,
  "editor.insertSpaces": true,
  "update.mode": "manual",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "extensions.autoCheckUpdates": false,
  "telemetry.telemetryLevel": "off",
  "chat.disableAIFeatures": true
}

Kila mstari unaishia na koma isipokuwa wa mwisho. Ukisahau koma, mstari utapigiwa wekundu. Hifadhi kwa Ctrl+S.

Mistari miwili ya kwanza ni kwa ajili ya umeme. Kihariri kitahifadhi kazi yako sekunde moja baada ya vidole kutulia, kwa maana 1000 hapo ni milisekunde. Laptopu nyingi za mtumba betri zake zimechoka, na umeme ukikatika mashine inazima papo hapo. Ukiwa na mpangilio huu utakachopoteza ni neno moja au mawili.

renderWhitespace inaonyesha kila nafasi kama nukta hafifu na kila tabo kama mshale. Mwanzoni skrini itaonekana imejaa vumbi. Ivumilie. Python inapanga maana ya programu kwa nafasi zilizo mwanzo wa mstari, na mtu asiyeziona hawezi kuelewa kwa nini mistari miwili inayofanana machoni, mmoja unakubaliwa na mwingine unakataliwa. Ukishazoea baada ya miezi kadhaa, badilisha "all" iwe "selection".

update.mode na mistari miwili inayoifuata huzuia masasisho ya kihariri na viendelezi yasije yenyewe. Ubaya wake ni kwamba sasa jukumu ni lako: kila baada ya miezi michache, ukipata Wi-Fi, ingia Help, Check for Updates, kisha usasishe na viendelezi.

Mstari wa mwisho unazima msaidizi wa akili bandia aliyejengwa ndani ya VS Code. Huu ni uamuzi wetu na tunausimamia. Msaidizi huyo anahitaji mtandao muda wote, lakini kubwa zaidi ni kwamba anamalizia mstari wako kabla hujaufikiria. Mwanafunzi anayebonyeza Tab kukubali pendekezo anapata programu inayofanya kazi ambayo hawezi kuieleza, na siku ya mtihani wa maabara chuoni anakaa mbele ya skrini tupu. Jifunze kuandika kwanza, ukiweza, muwashe.

Folda, faili, na programu ya kwanza

Tengeneza folda moja ya masomo, kwa mfano C:\Users\jinalako\mazoezi. Usiweke nafasi ndani ya majina ya folda wala mafaili. Tumia mstari wa chini, kama zoezi_la_kwanza. Epuka pia kuiweka Desktop ikiwa OneDrive imewashwa, kwa sababu itakuwa inapandisha kila badiliko mtandaoni kwa bando lako.

Ndani ya VS Code, chagua File, Open Folder, uichague folda hiyo. Utaulizwa kama unawaamini waandishi wa mafaili yaliyomo. Kwa folda yako mwenyewe jibu Yes. Kwa msimbo uliopewa na mtu usiyemfahamu, jibu No, usome kwanza.

Kufungua folda nzima, badala ya faili mojamoja, ni tabia ya kuanza nayo siku ya kwanza. Terminali itafunguka mahali sahihi, na programu itayaona mafaili mengine uliyoyaweka humo.

Bofya alama ya faili jipya kando ya jina la folda, uite viazi.py. Herufi .py mwishoni ndizo zinazoiambia VS Code hii ni Python. Ukiwa unatengeneza mafaili kwa Notepad, angalia yasije yakawa viazi.py.txt, Windows huficha sehemu hiyo ya mwisho. Kwenye File Explorer ingia View uwashe File name extensions, uone majina kamili.

Andika:

bei = 9000
madebe = int(input("Madebe mangapi ya viazi? "))
jumla = bei * madebe
print("Jumla ni shilingi", jumla)

Angalia kona ya chini kulia. Panapaswa kuonyesha namba ya Python. Kama pameandikwa Select Interpreter, bofya hapo uchague Python uliyosakinisha. Kisha bofya pembetatu iliyo juu kulia. Chini patafunguka terminali na swali lako litatokea. Bofya ndani ya terminali, andika 3, Enter. Utapata 27000.

Sasa haribu kwa makusudi. Ondoa int( na bano lake la kufunga, ubaki na madebe = input("Madebe mangapi ya viazi? "). Endesha tena, jibu 3. Terminali itajaa 3333333 mpaka utafute pa kuishia. Python haikulalamika hata kidogo. Kila kinachoandikwa kwenye input kinafika kama maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa namba hurudiwa mara hizo. Umepata tarakimu 3 iliyorudiwa mara 9000.

Kusimamisha programu na kutazama ndani

Kosa hilo la 3333 ni zuri kwa kujifunzia sehemu ambayo wanaoanza huiogopa bure. Sogeza kipanya kushoto kwa namba ya mstari wa tatu, ule wa jumla, ubofye. Itatokea nukta nyekundu. Bonyeza F5, kwenye laptopu kadhaa utahitaji Fn+F5. Ukiulizwa, chagua Python Debugger, halafu Python File. Jibu 3 kwenye terminali.

Programu itasimama kwenye mstari wa tatu, kabla haujatekelezwa. Kushoto, chini ya Variables, utaona bei: 9000 na madebe: '3'. Zile alama za nukuu zinazoizunguka 3 ndizo jibu. Namba haina nukuu. Rudisha int() na urudie: safari hii utaona madebe: 3, bila nukuu. Bonyeza F10 kusogea mstari mmoja mmoja, uone jumla inavyozaliwa. Shift+F5 inasimamisha kila kitu.

Anayejua kufanya hivi siku ya kwanza hatakaa kubahatisha mistari usiku kucha.

Yanayoharibika mara nyingi, na sababu zake

Terminali inaonyesha alama >>> na kila ukibofya pembetatu unapata SyntaxError. Ulibonyeza Shift+Enter kwenye msimbo, na VS Code ikafungua Python ya mazungumzo ndani ya terminali. Amri ya kuendesha faili sasa inasomwa kama mstari wa Python. Andika exit(), Enter, kisha endesha upya.

SyntaxError: invalid character '“' (U+201C). Msimbo umenakiliwa kutoka Word, PDF au ujumbe wa simu, na nukuu zilizonyooka zimegeuzwa kuwa za kupinda. Zifute uziandike upya kwa mkono. Mkitumiana msimbo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, tumeni faili lenyewe la .py kama Document. Mkiubandika kama ujumbe, hata nafasi za mwanzo wa mistari zinaweza kuvurugika.

SyntaxError: unterminated string literal. Kwa waandishi wa Kiswahili hili linakuja kwa njia ambayo vitabu vya kigeni havitaji: ng'. Ukiandika print('Ng'ombe wote wamechanjwa'), Python inadhani maneno yameishia kwenye Ng. Zoea nukuu pacha kwa maandishi yote ya Kiswahili: print("Ng'ombe wote wamechanjwa").

IndentationError au TabError. Tazama nukta na mishale uliyoiwasha kwenye mipangilio. Mstari wenye mshale katikati ya mistari ya nukta ndio mkosaji. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Convert Indentation to Spaces, Enter.

import random inakataa kufanya kazi inavyopaswa. Kagua kama faili lako mwenyewe linaitwa random.py. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa, italikuta la kwako na kuliacha la asili. Badilisha jina. Ndivyo ilivyo kwa turtle, calendar na mengineyo.

Programu haiishi. Umeandika mzunguko usio na mwisho. Bofya ndani ya terminali, bonyeza Ctrl+C.

Vifurushi vya ziada bila mtandao wa kila siku

Wiki za kwanza hutahitaji chochote zaidi ya Python ilivyo. Utakapohitaji kifurushi, yaani msimbo ulioandikwa na wengine wa kuongeza kwenye Python, kitengenezee mazingira ya pekee ndani ya folda ya kazi. Fungua terminali kwa View, Terminal, uandike:

py -m venv .venv
.venv\Scripts\activate

PowerShell, programu inayopokea amri ndani ya terminali hiyo, ikigoma ikisema running scripts is disabled on this system, toa ruhusa kwa akaunti yako mara moja tu:

Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

kisha rudia amri ya pili. Mstari wa terminali utaanza na (.venv), na VS Code huenda ikakuuliza kama utumie mazingira hayo, kubali. Kuanzia hapo tumia neno python badala ya py, ili uwe na uhakika unatumia Python ya mazingira hayo.

Ukiwa penye Wi-Fi, pakua kifurushi pamoja na vyote kinachovitegemea kwenye folda bila kukisakinisha. Kwa mfano, openpyxl ya kusoma mafaili ya Excel:

python -m pip download openpyxl -d vifurushi

Folda ya vifurushi sasa unaweza kuipeleka kwa fleshi kwenye mashine yoyote isiyo na intaneti na kusakinisha hivi:

python -m pip install --no-index --find-links vifurushi openpyxl

Kwa openpyxl haitasumbua. Kwa vifurushi vizito kama numpy, hakikisha mashine zote mbili zina toleo lilelile la Python, 3.12 na 3.12 kwa mfano, na Windows ya biti 64 zote. Tofauti hapo huleta ujumbe wa No matching distribution found hata kama faili unaliona kwa macho. Kundi la wanafunzi wanaosoma pamoja likikubaliana toleo moja tangu mwanzo, mmoja akipakua wote wamepata.

Ukifuta kitu kwa bahati mbaya na kukihifadhi, bofya jina la faili kwenye orodha ya kushoto, kisha ufungue Timeline iliyo chini ya orodha hiyo. VS Code hutunza nakala za zamani za faili ndani ya mashine, bila mtandao. Bofya muda unaoutaka uone lilivyokuwa. Nakala hizo zinakaa kwenye diski ileile lakini, kwa hiyo folda ya mazoezi iendelee kunakiliwa kwenye fleshi kila mwisho wa wiki. Folda ya .venv usiinakili: ni nzito, na ikihamishiwa mashine nyingine haifanyi kazi. Itengeneze upya huko unakokwenda.